Mlengwa wa Kanga Namba 7716

Katika nchi moja ambayo msomaji hajapata kufika, na akiulizwa na mtu asiyemfahamu aseme hivyohivyo, kulikuwa na Idara ya Kanga za Taifa. Kazi ya idara ilikuwa kupiga picha kila kanga iliyopata kuvaliwa nchini, kuiingiza katika maktaba ya kidijitali, na kuiandikia maelezo: jina lililochapwa juu yake, pindo lake, rangi zake, vipimo vyake, aliyeivaa na siku aliyoivaa. Mkurugenzi wa idara alikuwa safarini. Alikuwa safarini tangu ateuliwe, na kila mtu alikiri kwamba ni kiongozi asiyeingilia kazi za wengine.

Ghorofa ya chini, katika chumba kisicho na dirisha, alikaa Bwana Mwinshehe Kibwana, Mkuu wa Kitengo cha Rangi na Vipimo. Alikuwa mkuu kwa sababu kitengoni hakukuwa na mtu mwingine. Kanga ikiletwa aliitandaza mezani, akaipiga pasi, akaivutia futi ya fundi cherehani, akaandika urefu na upana bila kuongeza wala kupunguza. Alikuwa amefanya hivyo miaka ishirini na miwili, na hakuna sentimita hata moja iliyowahi kumlalamikia.

Alikuwa na maradhi mamoja tu, nayo ni wivu. Haukuwa wivu wa kupiga kelele na kuvunja vyombo. Ulikuwa wivu wa karani: ulikaa kimya, ukaweka kumbukumbu. Alimwonea wivu muuza samaki aliyemchagulia mkewe changu wanono. Alimwonea wivu mtangazaji wa redio aliyemchekesha mkewe saa ya taarifa ya habari. Alimwonea wivu hata daktari wa meno, kwa kuwa alimwambia mkewe apanue kinywa na mkewe akatii mara moja, jambo ambalo nyumbani lilihitaji mazungumzo.

Dawa yake ilikuwa moja. Miaka kumi na tisa nyuma, kwenye harusi ya jirani, msichana aitwaye Zamda alipita mbele yake amevaa kanga iliyoandikwa *Nikipita geuka, nina neno nawe*. Mwinshehe aligeuka. Wiki iliyofuata akapeleka posa. Tangu hapo, kila wivu ulipompanda, alijiambia, "Kanga ile ilisema na mimi," na roho ikatulia. Hakuwahi kumuuliza Zamda kama ni kweli. Aliona mwanamume haulizi jambo analolijua.

*

Mambo yaliharibika siku Waziri wa Urithi alipotembelea idara. Huyu alikuwa Mheshimiwa Profesa Dakta Mkadamu, ambaye udaktari wake ulikuwa wa heshima na uprofesa wake ulikuwa wa haraka. Alitazama kompyuta dakika mbili, kisha akahutubia dakika mia na kumi.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Wenzetu wana roketi. Sisi tuna kanga. Roketi inakwenda mwezini na haisemi neno. Kanga haiendi popote, na inasema! Lakini je, inasema na nani? Tumeandika pindo, tumeandika rangi, mtu aliyekusudiwa hatukumwandika! Aibu iliyoje! Kuanzia leo hakuna kanga itakayolala katika maktaba yetu bila kuandikwa mlengwa wake!"

Makofi yalipigwa kwa mujibu wa ratiba.

Basi ikatoka amri. Kila nyumba itoe kanga moja yenye historia, na mwenye kanga ajaze fomu kwa mkono wake mwenyewe akieleza urefu wa kanga, aliivaa siku gani na ilimlenga nani. Ili ndoa zisivunjike kwa wingi kuliko uwezo wa makadhi, fomu zingefungwa ndani ya bahasha na kufunguliwa na mtu mmoja tu, Mkuu wa Kitengo kipya cha Walengwa, ghorofa ya tatu, penye zulia na kiyoyozi. Aliyepewa cheo hicho ni Bwana Sudi Mwinyikambi, mtu mtanashati wa marashi na koti la mikono mirefu, aliyekuwa na tabia ya kutabasamu kabla hujamwambia kitu.

Majina ya watu wa kawaida yalifungiwa. Ya waheshimiwa yalitangazwa, kwa sababu katika nchi hiyo mtu asiyesemwa bado hajawa mtu. Waziri wa Viwanja vya Ndege, katika nchi yenye kiwanja kimoja, alionekana kulengwa na kanga mia tatu na kumi na nne, zote za matusi, naye akafanya karamu. Waziri wa Umwagiliaji alikuwa na kanga kumi na mbili tu. Aliposikia ya mwenzake alilazwa siku tatu kwa shinikizo la damu. Alipopata nafuu alileta ofisini shangazi zake saba waseme kwamba wamemchukia tangu utotoni, na kwamba kila walichovaa maishani walikivaa kwa ajili yake.

*

Asubuhi moja Zamda alimuuliza mumewe wakiwa kwenye chai, "Baba Nunu, hiyo kanga ya Serikali nitoe ipi?"

"Toa yoyote."

"Yoyote?"

"Yoyote, Mama Nunu, mradi haina tundu."

Zamda akamtazama, akaondoa vikombe.

Siku tano baadaye ikaletwa mezani pa Mwinshehe kanga namba 7716. Kabla hajaikunjua aliijua. Kwenye kona kulikuwa na alama ndogo ya pasi, na yeye ndiye aliyeiunguza mwaka wa kwanza wa ndoa, alipotaka kumsaidia mkewe kazi. *Nikipita geuka, nina neno nawe*. Akafungua kumbukumbu yake kwenye kompyuta. Jina lilikuwepo, pindo lilikuwepo, aliyeivaa ni Zamda binti Mwalimu, siku aliyoivaa ni siku ya harusi ile. Mbele ya neno *Mlengwa* pameandikwa kwa herufi nyekundu: *Imefungwa*.

Majina ya walengwa wote wa kawaida yalikuwa yamefungwa. Mwinshehe alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, lakini wivu hausomi kanuni. Kama ni mimi, alijiuliza, kuna nini cha kufungia? Dawa yake ya miaka kumi na tisa ilikuwa mbele yake, ameipiga pasi, anajua urefu wake ni sentimita mia na arobaini na tisa, na hajui ilikuwa ya nani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nao hata hawakuwa wamepata kuona Idara ya Kanga.

Mchana akakutana na Sudi kwenye ngazi.

"Ah, Bwana Vipimo!" Sudi alisema, na tabasamu likatangulia. "Shemeji hajambo?"

"Hajambo."

"Msalimie sana. Mwambie bahasha yake tumeipokea."

Akapanda zake akipiga mluzi. Mwinshehe alibaki ameshika ukuta, kwa kuwa alikumbuka jambo ambalo angependa kulisahau. Kwenye harusi ile, aliyekuwa akipiga kinanda, amevaa koti jeupe na ua kifuani, alikuwa Sudi Mwinyikambi.

*

Kuuliza si ujinga, lakini Mwinshehe aliona kumuuliza mkewe ni kukiri kwamba hajui. Akaona bora aulize Serikali. Akaenda dirisha la maombi ya nakala za fomu, ghorofa ya kwanza ya jengo lake mwenyewe, akapanga foleni nyuma ya watafiti wawili na mtu aliyedhani pale panauzwa kanga.

"Wewe ni nani wa kanga hii?" aliuliza karani.

"Mume wa aliyeivaa."

Karani akatafuta kwenye fomu kwa kidole. "Mume haimo. Kuna mtafiti, kuna mheshimiwa, kuna mtalii."

"Mimi nafanya kazi hapahapa. Chini."

"Mtumishi ndiyo kabisa haruhusiwi, ana maslahi. Jaza mtalii."

Mwinshehe akajaza mtalii.

"Unatoka wapi?"

"Nimekwambia, chini."

"Andika ng'ambo. Majibu baada ya siku tisini." Karani akagonga muhuri, kisha akainama karibu na kioo, akasema kwa sauti ya kibinadamu, "Kaka yangu, mbona usimuulize tu mkeo?"

"Mambo ya kazi siyachanganyi na ya nyumbani," alijibu mtalii.

Jioni ile, Zamda alipompakulia, Mwinshehe alikohoa.

"Kanga uliyotoa..."

"Eeh?" Zamda akaweka mwiko chini.

"Ina urefu mzuri."

Zamda akangoja. Mwinshehe akamega ugali, akachovya, akatafuna.

"Hilo tu?" aliuliza mkewe.

"Hilo tu."

Zamda akachukua mwiko wake, akarudi jikoni. Alikaa huko muda mrefu kuliko kazi iliyokuwepo.

*

Siku ya themanini ya kungoja majibu, Sudi alipita mlangoni pa chumba kisicho na dirisha akiimba, na wimbo ulikuwa uleule wa harusi ile. Pengine aliupenda tu. Pengine hakujua anaimba nini. Mwinshehe aliusikia mpaka mwisho, ubeti kwa ubeti, na alipomaliza kuusikia alikuwa amekwisha kuamua.

Kulikuwa na kanuni moja ambayo yeye mwenyewe aliiandika ujanani. Vipimo vya kitengo vikitofautiana na vya fomu kwa zaidi ya sentimita mbili, kompyuta huhesabu kwamba kanga iliyopimwa siyo iliyoelezwa, na hulifuta jina la mwisho lililo kwenye fomu hiyo; tangu amri ya Waziri, jina hilo ni la mlengwa. Kwa miaka ishirini na miwili kanuni hiyo haikuwahi kutumika, kwani Mwinshehe hakuwahi kukosea.

Akafungua namba 7716. Palipokuwa na 149 akaandika 152. Kidole kikakaa juu ya kitufe kwa muda. *Awe Sudi, awe mwingine*, alijisemea, *kama si mimi, basi asiwe mtu*. Akabonyeza. Maandishi mekundu yakatoweka, pakatokea: *Mlengwa: hakuna*.

Raha aliyoisikia ilikuwa kubwa sana. Ilidumu kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

*

Sasa, wiki ileile, mawaziri walikuwa wamegombana juu ya kanga zisizo na walengwa. Kila mmoja alidai ni zake. Waziri wa Umwagiliaji alimvua mwenzake miwani ndani ya Bunge. Ili kurudisha amani, ikapitishwa kwa kauli moja Sheria ya Kanga Yatima, yenye kifungu kimoja: kanga yoyote isiyo na mlengwa itahesabiwa kuwa ilimlenga Mheshimiwa Kiongozi, kwa kuwa ndiye tunayemkusudia sote.

Kanga yatima zilikuwa arobaini na moja. Maofisa walipozisoma jasho liliwatoka, maana arobaini zilikuwa za kusuta, tena kusuta kwa kikwelikweli. Hizo zilitafutiwa walengwa wengine kabla ya saa sita, na Waziri wa Umwagiliaji akazipokea zote kwa machozi ya furaha. Ikabaki moja tu yenye neno la upendo. Gazeti la Serikali likaipa ukurasa mzima: *KANGA YA MAPENZI YA TAIFA YAPATIKANA*.

Barua ikafika nyumbani kwa Mwinshehe na pikipiki tatu za ving'ora. Zamda aliisoma kwa sauti:

"*Serikali imetambua mapenzi yako ya siri ya miaka kumi na tisa kwa Mheshimiwa Kiongozi, na inakupongeza kwa subira. Unateuliwa kuwa Mvaaji wa Taifa. Siku ya Urithi utapita mbele ya jukwaa kuu ukiwa umevaa kanga husika. Gari litakufuata.*"

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha kicheko kikaisha ghafla.

"Baba Nunu, hili limetoka wapi? Mimi fomu yangu niliijaza vizuri. Niliandika jina."

Moyo ulimwambia Mwinshehe: uliza, jina gani? Wivu ukamwambia: subiri, siku tisini zimebaki nne.

"Serikali haikosei," alisema, akatazama dari.

Majirani wakaja kumpongeza mume. "Hongera, mwenzetu! Miaka yote hiyo umeitunza kanga ya mkubwa, na huna hata makuu!" Mwinshehe akatabasamu. Kumwonea wivu Mheshimiwa Kiongozi lilikuwa kosa la jinai, ila kumwonea mtu mwingine badala yake halikuwa kosa. Kwa hiyo aliendelea kumchukia Sudi, na kwa mbali, kwa tahadhari, dereva wa pikipiki ya kwanza.

*

Siku ya tisini iliangukia Siku ya Urithi yenyewe. Ofisi zote zilifungwa isipokuwa dirisha la watalii. Karani yuleyule akamsukumia Mwinshehe karatasi moja chini ya kioo. Ilikuwa maelezo ya Zamda, neno kwa neno, kama alivyoyaandika ndani ya bahasha:

"*Mlengwa ni Mwinshehe Kibwana, mpima vitambaa. Alikuwa amekaa peke yake upande wa masufuria kwa sababu ya haya. Kanga hii niliinunua siku moja kabla kwa ajili yake. Nilipita mara tatu. Mara mbili alikuwa anatazama viatu vyake. Mara ya tatu aligeuka.*"

Chini yake, kwa herufi za mashine: "*Mlengwa amefutwa. Sababu: sentimita tatu.*"

Mwinshehe alikimbia. Alikuwa hajakimbia tangu shuleni, na watu walimpisha wakidhani kuna moto. Alipofika kwake alikuta gari jeusi la itifaki linapiga honi mlangoni, na ofisa wake anatazama saa. Ndani, Zamda alikuwa amekaa juu ya mkeka. Kanga namba 7716, iliyoletwa asubuhi juu ya sinia, ilikuwa mapajani mwake, haijavaliwa.

"Wanangoja tangu saa mbili," alisema. "Nimewaambia mume wangu akininyima ruhusa siendi, na wakitaka kunifunga wanifunge. Nimekaa nakungoja wewe."

Mwinshehe alihema. Hatimaye, baada ya miaka kumi na tisa na siku tisini, akauliza:

"Mama Nunu, kanga hii ulimvalia nani?"

Uso wa Zamda ulilegea, akawa kama yule msichana wa harusini.

"Wewe," alisema taratibu. "Nilikuvalia wewe, Mwinshehe. Na mara ya tatu nilikwisha kata tamaa, napita tu kwenda zangu nyumbani."

Alikuwa ameyasoma kwa macho yake, na sasa ameyasikia kwa masikio yake. Mtu mwingine yeyote angefunga mlango na kuliacha gari lipige honi mpaka betri iishe. Mwinshehe naye alitaka kufanya hivyo, na mkono wake ulikwisha gusa kitasa. Lakini alitoka katika ofisi ambayo hakuna neno linaloingia bila kuandikwa limetoka kwa nani na nani amelithibitisha, na wivu wake ulikuwa umesomea hukohuko.

"Sudi naye alikuwepo," alisema. "Alipiga kinanda. Je, kuna mtu anayeweza kuthibitisha?"

Honi ililia nje.

"Kuthibitisha," alisema Zamda.

"Ni utaratibu tu, Mama Nunu. Si kwamba..."

Zamda akaitazama karatasi yenye muhuri wa dirisha la watalii mkononi mwa mumewe, akainuka. Akajifunga kipande kimoja cha kanga kiunoni, cha pili akajitanda mabegani, akakivuta vizuri mpaka maandishi yakanyooka.

"Miaka yote hii dirisha langu halikuwa na foleni," alisema. "Hukuja. Leo umekuja, nimekujibu kwa kinywa changu, unataka mashahidi. Haya, nakwenda kukutafutia. Leo uwanja mzima utashuhudia."

Alipofika mlangoni aligeuka. "Chakula kiko jikoni. Jipakulie."

*

Mwinshehe aliona yote kwenye televisheni. Ratiba ilisema Mvaaji wa Taifa atapita mara moja. Zamda alipita mara tatu. Mheshimiwa Kiongozi aligeuka mara zote tatu, na Baraza zima la Mawaziri likageuka naye. Mtangazaji akasema hajapata kuona mapenzi ya dhati namna ile, naye alikuwa amelipwa kusema hivyo kabla ya kuona.

Serikali ilimpa Zamda nyumba. Aliikataa, akaenda kwa dada yake, akamchukua na Nunu. Mwinshehe alipeleka wazee mara mbili. Mara zote mbili waliletewa chai, wakaambiwa kwaheri, wakarudi.

Mwezi uliofuata Sudi Mwinyikambi alishuka ngazi mpaka chumba kisicho na dirisha. Hakuwahi kuingia humo. Hakuwa na tabasamu, na bila tabasamu alionekana mtu mzima tu, mwenye mvi zilizopakwa rangi vibaya.

"Bwana Vipimo, faili hili ni lako," alisema. "Wamegundua mlengwa alibadilika baada ya kipimo chako. Sheria inataka aliyepima ajaze sababu." Akaliweka mezani, asiondoke. "Bahasha ya shemeji niliifungua siku ya kwanza. Kila nikikuona nilikuwa nataka kucheka nawe, kukupongeza, na kanuni inanikataza."

"Wewe? Unipongeze mimi?"

"Nimefungua bahasha elfu saba na mia saba na kitu. Mke wangu naye alileta ya kwake." Sudi alikwangua doa lisilokuwepo juu ya meza. "Haikuwa na jina langu. Wivu niliokuonea, Mwinshehe, Mungu ndiye anayejua."

Akatoka, na marashi yake yakabaki nyuma kidogo.

Mwinshehe alilivuta faili. Kisha akafungua kumbukumbu ya kanga namba 7716. Akarudisha 152 kuwa 149, ingawa kwa mujibu wa Sheria ya Kanga Yatima hilo halikubadili kitu. Akashuka mpaka penye nafasi mpya iliyoandikwa *Sababu ya mlengwa kubadilika*. Mtumishi mwingine yeyote angejaza hapo "hitilafu ya mtambo". Yeye akaandika: *Wivu*.

Kompyuta ikamtaka aandike nani anathibitisha.

Akaandika jina lake kamili, kwa herufi kubwa. Na kwa mara ya kwanza tangu idara ianzishwe, taarifa ilikubaliwa papo hapo.